Yule Mwanamke Ana Kifua

Emerensiana alikuwa fundi cherehani pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Banda lake la mabati lilikuwa hatua chache kutoka mahali mabasi yanaposimama. Kila asubuhi alifanya ishara ya msalaba, akasali kidogo, akaweka kitambaa chini ya sindano na kuanza kazi. Basi likifika, wauza korosho na mihogo ya kukaanga walilikimbilia wakipaza sauti. Emerensiana hakunyanyua kichwa. Mguu ulikuwa kwenye pedeli, macho kwenye mshono.

Angela, binti yake wa mwaka mmoja na miezi miwili, alicheza na vipande vya vitenge chini ya meza. Akichoka, alivuta gauni la mama yake, akapakatwa, akanyonya. Kisha alilala hapo hapo, kinywa wazi.

Mumewe, Jerome, aliziba pancha za pikipiki ng'ambo ya barabara. Wote wawili walitoka Newala, wakaoana, wakaja kutafuta maisha huku Kilwa. Jerome alikuwa mchapakazi na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kigango chao. Jambo moja tu lilimwumiza: hakujua kusoma. Alitoka shule akiwa darasa la pili. Ujumbe wa simu alisomewa na mkewe. Kadi ya kliniki ya mtoto alisomewa na mkewe. Hakupenda mtu alitaje jambo hilo.

Maisha yao yalikwenda vizuri mpaka alipokuja Mwalimu Benadetha.

Benadetha alirudi kutoka Dar es Salaam kuishi na mama yake, akapata kazi ya ualimu, akajiunga na kwaya. Alikuwa mrefu, mcheshi, na kifua chake kilitangulia mlangoni kabla yake. Jumapili ya kwanza alipopita katikati ya mabenchi, Emerensiana aliona vichwa vikigeuka. Akamtazama mumewe. Kichwa cha Jerome nacho kiligeuka.

Wiki hiyo hiyo kwaya iliagiza sare mpya. Wanawake walikuja bandani mmoja mmoja kupimwa. Emerensiana alizungusha futi yake, akaandika katika daftari: kifua, kiuno, nyonga. Benadetha alipofika hakukubali kupimwa. Alitoa gauni kwenye mfuko.

"Dada fundi, pima hili. Linanikaa vizuri."

"Kwani futi yangu inauma?" Emerensiana aliuliza.

Benadetha alicheka. "Haiumi. Pima hilo tu, dada yangu."

Alipoondoka, Emerensiana alinuna. Anaona vidole vyangu vichafu, alijisemea. Akalitandaza lile gauni mezani. Kifua, inchi arobaini na mbili. Akaandika. Kisha akachungulia nje, akaona hakuna mtu, akajizungushia futi yeye mwenyewe. Thelathini na mbili. Inchi kumi! Hata hilo aliliandika.

Jioni, wakati wa kula, Jerome alimega ugali, akatabasamu peke yake.

"Unacheka nini, Baba Angela?"

"Namfikiria Mwalimu Benadetha. Yule mwanamke, nakwambia, ana kifua."

Emerensiana alirudisha tonge sahanini. "Ana nini?"

"Ana kifua! Wanawake wa namna ile ni wachache. Hapa Nangurukuru sijamwona mwingine."

Jerome alinawa, akachukua kofia yake. "Nakwenda mazoezi ya kwaya," akasema, akatoka akipiga mluzi.

Emerensiana alibaki na sahani. Hakulia, maana Angela alikuwa anamtazama. Lakini ndani yake kulikuwa kunaungua.

Tangu siku hiyo alijipima karibu kila siku. Alijua kwamba inchi haziongezeki kwa kupimwa, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye futi. Kila mara aliandika. Kila mara ilikuwa thelathini na mbili. Siku moja alijaza vitambaa kwenye sidiria, akamngoja mumewe mlangoni, kifua mbele. Jerome alimtazama kwa wasiwasi.

"Mke wangu, unasikia baridi? Mbona umevaa manguo mengi? Isije ikawa malaria."

Jirani yake, Restuta, ndiye aliyemwaga mafuta ya taa kwenye moto. Restuta aliuza chapati pembeni mwa banda, na habari za watu wote zilipitia kwenye kikaango chake.

"Mama Angela, kwaya yenu siku hizi inafanya mazoezi Jumatano?"

"Jumanne na Alhamisi. Kwa nini?"

"Ah, mimi sisemi kitu." Restuta aligeuza chapati. "Ila jana Jumatano nimemwona shemeji akiingia chumba cha nyuma ya kigango. Na Mwalimu Benadetha naye akaingia. Labda walikuwa wanafagia."

Emerensiana alijichoma sindano kidoleni. Damu ikaingia kwenye sare aliyokuwa anashona. Ilikuwa sare ya Benadetha.

Alipopiga magoti jioni, sala yake haikuwa nzuri. "Bwana," alisema, "ama unipe kifua kama chake, ama umrudishe Dar es Salaam." Alipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, aliyaruka.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Fortunata. Alipita na mabasi kati ya Dar es Salaam na Lindi, akiuza mafuta ya kupaka na nywele za bandia. Restuta alimleta bandani.

"Shoga, shida yako ndogo," Fortunata alisema. Akafungua simu, akaonyesha picha. "Huyu alikuwa bapa kama wewe. Mwone sasa! Tuna daktari wetu mjini. Anapasua kidogo, anaweka vifuko, anashona. Asubuhi unaingia, jioni unapanda basi. Mumeo akirudi hakujui!"

"Hakuna hatari?"

"Hatari gani? Hata kung'oa jino kunauma zaidi. Na kama fedha haitoshi, ipo sindano. Anakudunga dawa, matiti yanajaa hapo hapo."

Emerensiana alikuwa na cherehani mbili. Alimpata fundi wa Kitomanga aliyeitaka ile ya pili. Walikubaliana kwamba Ijumaa fundi aje aichukue, na Jumamosi Emerensiana apande basi na Fortunata. Jerome angeambiwa kwamba amekwenda kununua vitambaa.

"Ila mtoto aache ziwa," Fortunata alisema. "Hutaki aje akuharibie kitu kipya."

Basi Emerensiana akachemsha majani ya mwarobaini, akapaka maji yake kwenye chuchu. Angela alikuja mbio kama kawaida, akanyonya mara moja, akaruka nyuma. Alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa na rafiki. Kisha akalia. Alilia siku tatu. Uji aliutema. Kila alipolia, Emerensiana aliziba masikio na kujiambia, Jumamosi si mbali.

Siku ya nne ilikuwa ya kliniki. Muuguzi wa zamu alikuwa Fauzia, mama mtu mzima aliyevaa ushungi mweupe, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Alikuwa amewapima watoto wa Nangurukuru mpaka sasa alikuwa anawapima watoto wa watoto hao.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mlete bibi yangu nimwone." Alimtundika Angela kwenye mizani, akavaa miwani, akaangalia kadi. Uso ukabadilika. "Mstari umeshuka. Mtoto huyu alikuwa anapanda vizuri. Anaumwa?"

"Haumwi. Nimemwachisha ziwa."

"Ghafla? Una mimba?"

"Sina."

"Sasa kwa nini?"

Emerensiana aliinamisha kichwa. Alitaka kusema uongo, lakini uongo uliokuja ulikuwa wa kitoto. "Nesi, nina rafiki yangu. Anataka kujua habari za upasuaji wa kuongeza matiti."

Fauzia alifunga kadi. Akamwita mwenzake ashike mizani. "Njoo huku ndani. Tumzungumzie huyo rafiki yako."

Wakakaa kwenye chumba kidogo. Fauzia alimpakata Angela.

"Kwanza, rafiki yako asione aibu kuuliza. Upasuaji huo upo, ni wa kweli, na si wote wanaoufanya ni wajinga. Wapo waliozaliwa titi moja kubwa na jingine dogo. Wapo walioondolewa titi kwa saratani. Wapo wanaotaka tu, na mwili ni wao. Ila ni upasuaji, mwanangu. Mtu anapewa dawa ya usingizi, anapasuliwa chini ya titi au kwapani, anawekewa kifuko kinachoitwa kipandikizi. Ndani kuna jeli ya silikoni, au maji ya chumvi."

"Ameambiwa anaingia asubuhi, jioni anapanda basi."

"Basi gani? La kutoka Dar mpaka hapa, na matuta yote yale?" Fauzia alicheka bila furaha. "Wapo wanaoruhusiwa siku hiyo hiyo, lakini wanabaki karibu na hospitali. Hapaswi kusafiri safari ndefu siku hiyo. Siku za kwanza anaweza kutokwa damu ndani, au kidonda kikashika usaha. Akipata homa Nangurukuru saa sita usiku, daktari wake yuko wapi? Na kwa wiki kadhaa hanyanyui ndoo ya maji, habebi mtoto mzito. Rafiki yako anafanya kazi gani?"

"Anashona."

"Ahaa. Anashona." Fauzia alimfuta Angela pua. "Akate vitambaa kwa mikono gani, wakati hata kuinua mkono kunauma?"

"Lakini akishapona, imekwisha?"

"Haijaisha. Vifuko hivyo havidumu maisha yote. Baada ya miaka kumi, kumi na tano, wengine mapema zaidi, wengi wanapasuliwa tena. Kifuko kinaweza kupasuka ndani. Kovu linaweza kukaza kukizunguka, titi likawa gumu kama limau na kuuma. Chuchu inaweza kufa ganzi. Na ipo saratani moja, ni nadra sana, lakini ipo, inayotokea karibu na baadhi ya vifuko. Ndiyo maana daktari wa kweli anakupa kadi ya kifuko chako, imeandikwa aina na namba. Na mtu akienda kupigwa picha ya matiti, lazima aseme kwamba ana vipandikizi, maana vinaweza kuficha uvimbe."

"Na matiti yaliyolala, yanasimama?"

"Kuongeza ni kazi moja, kuinua ni kazi nyingine. Mtu anaweza kutoka ana makubwa na bado yamelala. Akishika mimba, yanabadilika tena."

"Na kunyonyesha?"

"Wengi wananyonyesha baadaye. Wengine maziwa yanapungua, inategemea alipasuliwa wapi. Lakini anayenyonyesha sasa hapasuliwi sasa. Anamaliza kunyonyesha kwa wakati wake, inapita miezi kadhaa, ndipo anapimwa." Fauzia alimtazama Angela mapajani mwake. "Rafiki yako ananyonyesha?"

Angela alisikia neno, au alichoka tu. Alinyoosha mikono kwa mama yake na kuvuta gauni. Emerensiana alianza kulia.

"Nesi, rafiki yangu ni mimi."

"Nilijua tangu kwenye mizani, mwanangu. Nilingoja unitambulishe."

Emerensiana alimweleza yote: Fortunata, sindano, cherehani, Jumamosi. Kwenye habari ya sindano Fauzia alivua miwani.

"Hiyo usiisogelee. Nasema hiyo, usiisogelee! Hakuna sindano ya mtaani ya kujaza matiti iliyo salama. Wanadunga silikoni ya maji na mafuta ya ajabu. Vinasambaa, vinaozesha nyama, vinaweza kufika kwenye mapafu. Watu wanakufa. Hata upasuaji, anayeufanya ni daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, katika hospitali yenye kibali. Kila daktari ana namba ya usajili, unaiuliza, na baraza la madaktari linaweza kukuambia kama ni ya kweli."

Alichukua kipande cha karatasi. "Andika. Daktari anaitwa nani, na namba yake ni ipi? Hospitali ni ipi? Nani atanipa dawa ya usingizi? Kifuko ni cha aina gani, na kadi nitapewa? Nikiumwa baadaye, nani ananitibu, na kwa gharama ya nani? Mpigie huyo mama wa nywele za bandia, umwulize. Asiyeweza kujibu, hana haki ya kukupasua."

Emerensiana aliandika.

"Na swali la mwisho ujiulize mwenyewe, Inshallah ukiwa umetulia. Namtaka nani anione? Daktari mwema naye atakuuliza. Ukimwambia unamfanyia mume, au unashindana na mwanamke fulani, atakwambia nenda kafikiri. Upasuaji unabadili titi. Haubadili mume, na wivu hauutoi."

Emerensiana alitazama ukuta. Hakuwa amemtaja Benadetha hata kidogo.

Fauzia alimwelekeza aoshe chuchu vizuri, amrudishie mtoto ziwa mara kwa mara mpaka maziwa yarudi sawa, na ampe uji wa karanga. Alimfundisha pia kujua matiti yake yalivyo kawaida, ili akiona uvimbe, ngozi iliyobonyea au damu kwenye chuchu, aje haraka. Angela hakungoja mafundisho yaishe. Chuchu ilipooshwa tu aliikamata kwa mikono miwili, jicho moja likimchunga mama asije akageuka tena.

Aliporudi bandani, Emerensiana alimpigia simu Fortunata.

"Dada Fortunata, daktari anaitwa nani?"

"Tunamwita Dokta."

"Dokta nani? Namba yake ya usajili?"

"He! Namba ya nini? Kwani anakuoa?"

"Nitapewa kadi ya kifuko? Nikipata homa, nampigia nani?"

"Sikiliza wewe! Unataka matiti, au unataka kuwa hakimu? Foleni ya wenzako ni ndefu. Kaa na ndimu zako!" Simu ikakatwa.

Emerensiana alimpigia fundi wa Kitomanga, akamwomba radhi. Cherehani haiuzwi. Jioni alimshukuru Mungu kwa kumwepusha. Lakini alipomaliza kusali, alimwona Jerome akichukua kofia. Ilikuwa Jumatano. Moto ukawaka upya. Kisu nimekikimbia, alijisemea, lakini huyu mwanamke bado yupo.

Ijumaa mchana, Benadetha mwenyewe aliingia bandani. Mkononi alikuwa na sare.

"Dada fundi, naomba tufunge pazia."

Emerensiana alifunga pazia. Sasa atasema, alifikiri. Atasema kwamba amenichukulia mume.

Benadetha alivaa sare. Ilimkaa vibaya. Upande wa kulia ulijaa, upande wa kushoto ulikunjamana na kushuka.

"Nilipaswa kukwambia mapema," alisema. "Niliona aibu. Nilikuficha mimi, halafu lawama ya mshono ingekuwa yako." Akafungua vifungo. Upande wa kushoto wa sidiria alitoa furushi la soksi na pamba. Chini yake hapakuwa na titi. Kulikuwa na kovu refu, limenyooka kama mshono.

Emerensiana alishika ukingo wa meza.

"Saratani," Benadetha alisema. "Mwaka juzi. Walinikata huko Dar es Salaam, nikapona, namshukuru Mungu. Madaktari waliniambia wanaweza kunijengea jingine kwa upasuaji. Wamenieleza vizuri, faida na hatari. Bado nafikiri. Kupasuliwa tena si jambo la kukurupukia. Kwa sasa naomba unishonee mfuko mdogo ndani ya sare, nitie kitu kinachokaa sawa. Soksi zinahama. Juzi katikati ya wimbo moja ilifika begani!"

Alicheka. Emerensiana alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Mwalimu, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Nimekuchukia wiki nne. Nimekuonea wivu mpaka nikataka kupasuliwa niwe kama wewe. Nimesikia mnaingia wote chumba cha nyuma ya kigango. Na mume wangu alikusifu mezani. Alisema una kifua."

Benadetha alijitazama, akamtazama fundi, na kicheko kikamtoka mpaka Restuta huko nje akaacha kugeuza chapati.

"Mimi? Nina kifua? Mama wee, mimi ninacho nusu!" Alijifuta macho. "Dada yangu, ukisikia mtu ana kifua unaelewa matiti tu? Alimaanisha natunza siri!"

Emerensiana alilijua neno hilo tangu utoto. Bibi yake alikuwa akimkanya: usimwambie fulani, hana kifua, habari itafika sokoni kabla yako. Lakini siku ile mezani, mwenye futi shingoni alisikia inchi tu.

"Siri gani?"

"Ah! Kama nina kifua, nitakwambiaje?" Benadetha alifunga vifungo. "Muulize mwenyewe. Lakini moyo wako utulie. Katika chumba kile tunakuwa watu wanne, na mlango hatuufungi."

Emerensiana alikaa na kazi ile mpaka jioni. Alikata kitambaa laini cha pamba, akashona kifuko cha umbo la tone. Ndani aliweka pamba, na katikati punje za mtama zilizokauka, ili kipate uzito na kisiruke. Alikipima mkononi kama mtu anayepima dhahabu. Kisha akashona mfuko wa ndani, kifuko kiingie wakati wa kuvaa na kitoke wakati wa kufua. Benadetha alivaa, akainama, akainuka, akanyanyua mikono. Sare ilitulia pande zote mbili.

"Umenishonea vizuri kuliko mtu yeyote," alisema, akamshika mikono.

Jioni ile Emerensiana alikuwa anakoroga mboga. Jerome alikaa kwenye mkeka, Angela mapajani mwake. Mtoto alikuwa ameokota daftari la vipimo na kulifungua. Jerome alilishika asilichane. Akaliinamia. Kidole chake kikaanza kutembea kwenye mstari.

"E-me... Emerensiana. Ki-fu-a. Kifua. The-la-thi-ni na mbi-li."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Emerensiana. Kifua. Thelathini na mbili." Aligeuza ukurasa. "Tena. Na tena. Mama Angela, mbona umejiandika mara kumi na tisa? Unajishonea nini?"

"Jerome! Umesoma?"

Jerome alishtuka, kana kwamba amekamatwa na korosho za watu. Kisha akatabasamu kama mtoto. "Basi, imeharibika. Nilitaka usikie Jumapili. Nimepangiwa kusoma somo la kwanza kanisani. Mwalimu Benadetha anatufundisha sisi watu watatu, wote na ndevu zetu. Tulimwomba asimwambie mtu. Mwezi mzima hajasema, hata kwa mama yake. Si nilikwambia yule mwanamke ana kifua?"

Emerensiana aliondoa sufuria motoni. Akakaa kwenye mkeka karibu naye, akamweleza yote, toka futi hadi Fortunata. Jerome alisikiliza bila kumkatiza. Mkewe alipofika kwenye habari ya kisu, Jerome alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Ungekufa, mke wangu," alisema. "Ungekufa kwa neno langu moja la mezani. Na mimi nilikuficha. Niliuonea aibu ujinga wangu, nikakuachia ufikirie mwenyewe." Alitazama daftari. "Hizi thelathini na mbili, mimi sina ugomvi nazo."

"Kweli?"

"Kweli. Angela naye hana. Mwangalie."

Angela alikuwa amekwisha kufika kwenye gauni la mama yake.

Jumapili, Jerome alisimama mbele akiwa na sare mpya. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari, besi yake ikitetemeka. Mara mbili alikwama. Mara mbili watu wote walingoja. Benadetha alisimama katika mstari wa mbele wa kwaya, wima, mabega sawa. Emerensiana alimtazama, akangoja ule moto uwake. Uliwaka kidogo, kama kaa lililobaki majivuni, kisha ukatulia. Wakati wa Baba Yetu, kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, safari hii aliyasema yote.

Mwezi uliofuata, mstari kwenye kadi ya Angela ulipanda. Jerome aliusoma mwenyewe, kwa sauti, mpaka akina mama wote kwenye foleni wakajua uzito wa binti yake.

Siku mbili baadaye, Restuta alisogeza kigoda chake mpaka ndani ya banda. Alichungulia nje. Alishusha sauti, yeye ambaye hakuwahi kuishusha.

"Mama Angela, ile namba ya Fortunata bado unayo? Kwangu imefutika. Si kwa ajili yangu mimi. Nina rafiki yangu, anataka kuongeza... unajua tena."

Emerensiana alisimamisha cherehani. Alifungua daftari, akatoa kile kipande cha karatasi chenye maswali ya nesi Fauzia. Akafunga pazia.

"Mwambie rafiki yako akae," alisema. "Na azime jiko kwanza, chapati zake zitaungua. Mazungumzo haya si ya haraka."

Restuta alikaa.